Supu ya Berish

Nyama ilipopanda hadi senti kumi na nane kwa ratili, Mei ile ya mwaka 1902, wanawake wa Kiyahudi wa Mtaa wa Orchard tuliisusia, na mimi Hinde nikawa mstari wa mbele. Mdomo ninao, na hasira siku zile nilikuwa nazo za kugawa. Aliyenunua tulimpokonya, tukaitupa nyama yake mtaroni na kuimiminia mafuta ya taa. Wauza nyama wa New York walitukoma.

Ijumaa nikamkuta Zlate, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, anapanda ngazi na kifurushi chini ya shali. Mumewe Berish alikuwa kitandani mwezi wa pili, anakohoa damu.

"Hinde, nusu ratili tu," alisema. "Daktari kasema anywe supu."

"Mchemshie viazi."

"Viazi anatapika, shoga. Si unamsikia mwenyewe?"

Nilikuwa namsikia. Lakini nyuma yangu walisimama wanawake sita wakiningoja, na asubuhi ile ile nilikuwa nimemnyang'anya kuku bibi wa watu wa miaka sabini. Ningemwachia huyu kwa kuwa ni jirani yangu? Nikakichukua kifurushi. Mafuta niliyamimina mwenyewe. Zlate hakupigana, alipanda zake.

Kesho yake, Sabato, tulishuka kutoka ghorofa ya wanawake katika sinagogi, tukaingia kwa wanaume katikati ya kusoma Torati. Kwetu aliyedhulumiwa ana haki hiyo: husimamisha usomaji, na hausomwi mstari mwingine mpaka asikilizwe. Nikasimama nikawaambia wanaume wawabane wauza nyama, waache kutununia sisi mezani kwa kukosa nyama. Walikubali, hata wazee waliokuwa wakiguna. Rabi akainama aendelee.

"Bado," ilisema sauti. "Na mimi nasimamisha."

Alikuwa Zlate, bado amevaa aproni ya kumuuguzia mgonjwa.

"Wote mnajua," alisema, "mgonjwa akiwa hatarini, Mungu mwenyewe anaiachia Sabato yake. Tunawasha moto, tunapika, wala si dhambi. Huyu Hinde hakuuachia mgomo wake kwa nusu ratili ya nyama. Nataka anijibu hapa, mbele yenu, kisha mniruhusu nikanunue."

Rabi alinigeukia. "Mjibu, mama."

Neno moja tu lilitosha: anunue. Lakini ningekuwa nimekiri mbele ya watu wote, tena dakika tano baada ya kushangiliwa, kwamba jana nilikosea. Roho yangu mbaya ikakataa.

"Tukimruhusu mmoja leo," nilisema, "kesho wanaume wote wa Mtaa wa Orchard watalala wakikohoa."

Watu wakacheka. Mungu anisamehe, nilikipenda kile kicheko. Rabi alifungua mdomo, akatutazama sisi wanawake tulivyojazana mlangoni, akaufunga. Alituogopa, na mimi nilijua kuwa anatuogopa. Mzee mmoja akasema tuendelee, tumbo linamuuma kwa njaa. Usomaji ukaendelea. Zlate alipita katikati yetu akarudi nyumbani kwa mumewe.

Berish alikufa Jumanne. Alhamisi bei ikashuka hadi senti kumi na nne, tukacheza barabarani, tukakumbatiana na watu tusiowajua. Kabla baridi haijaingia ilikuwa imeshapanda tena, na safari hiyo hakuna aliyetoka nje kugoma.

Lakini Ijumaa, siku moja baada ya bei kushuka, nyama bado ilikuwa nafuu. Nikanunua nusu ratili, nikapika supu. Kwetu mfiwa hapiki, jirani ndiye humpikia, na jirani nilikuwa mimi. Nilimkuta Zlate ameketi kwenye kigoda, bila viatu, kola ya gauni lake imechanwa kwa msiba. Nilitaka anitukane. Njia nzima ya hatua kumi nilikuwa nikijiandaa kutukanwa.

Alipokea bakuli, akaonja kijiko kimoja.

"Chumvi imepungua," alisema. "Lakini Berish angeinywa."

Akanirudishia bakuli. "Kunywa wewe."

"Zlate, dada yangu..."

"Kunywa, Hinde."

Nikakaa sakafuni, nikainywa yote mbele ya macho yake. Nilikuwa sijaonja nyama wiki tatu. Ilikuwa tamu.