Gari Lililonishusha Mlimani

Watu wengi hapa Ferrin wanaamini kwamba nilivunjika nyonga nikiteleza kwenye theluji. Nimechoka kuwasahihisha, maana ukweli wenyewe unaniudhi. Nilivunjika kwenye maegesho ya juu ya mlima, asubuhi, nikishuka kwenye gari langu la kulala na buti za skii, zile za kutelezea thelujini, miguuni. Ngazi ilikuwa na barafu, mkono ukatafuta pa kushika, pakakosekana. Miaka yote niliyouteremka mlima ule haukunifanya lolote, nikaja kuangushwa na mlango wa gari langu mwenyewe.

Hospitalini, dawa hazijanitoka vizuri kichwani, binti yangu Tamara akanibana nimwahidi kwamba sitalala tena mlimani wakati wa baridi mpaka yeye mwenyewe awe amelikubali gari nitakalolalia. Nikaahidi. Mtu aliyelala chali na mirija mkononi huahidi chochote. Lakini mimi nikishasema nimesema, na Tamara alilijua hilo. Nikiwa bado natembelea magongo, akaliuza gari langu la zamani kwa watu wa vyuma chakavu, akanihamishia chumba cha chini nyumbani kwake. Chumba kina joto, kina zulia, na kina dirisha linalotazama magurudumu ya gari la jirani.

Majira mazima ya baridi yakaniishia humo. Nikaapa kwamba ya pili hayatanikuta.

Oktoba ilipofika nikamwambia Tamara anipeleke kutafuta gari. Akanitazama nikitoka na mfuko.

"Mama, umebeba nini?"

"Buti zangu."

"Tunakwenda kununua gari, hatuendi kuteleza."

"Wewe ukinunua kitanda hukilalii kwanza? Au unakitazama kwa mbali?"

Muuzaji aliitwa Garth, kijana mwenye adabu, akatupeleka moja kwa moja kwenye gari-nyumba refu ambalo Tamara alikuwa ameshalichagua kwenye simu. Mle ndani runinga ilipanda yenyewe kutoka kabatini. Kulikuwa na meko yenye picha ya moto. Tamara akafungua oveni, macho yakimng'aa.

"Mama, tazama! Pirahi zako za kabichi, mikate yetu ya Kirusi, unaoka humu humu."

"Maji yanakaa wapi?" nikamuuliza Garth.

"Tangi liko chini kwa nje, mama. Halili nafasi yako."

"Januari litaganda liwe jiwe."

Garth akajikuna shingo. "Kusema kweli, wengi wanaochukua hili wanakwenda nalo ziwani."

Nikampenda kwa kusema hivyo. Kisha nikatoa buti. Sisi tunaolala maegesho ya juu hatujaribu gari la kulala kwa usukani, tunalijaribu kwa buti. Buti ya skii ikilala kwenye baridi inaamka ngumu kama gogo. Unahitaji pa kukaa pasipokuwa chini mno, pa kukanyagia kisigino kiingie, na baada ya hapo uinuke nazo. Nikakaa kwenye kochi la gari lile, likanimeza. Kuvaa nilivaa. Kuinuka ndiko kulikonishinda. Nikajaribu, nikajaribu tena, nikashika meza, meza ikanifuata. Mwishowe Tamara akanikamata makwapani akaninyanyua, na Garth akageuka kuitazama runinga iliyozimwa.

"Umeona, Mama?" Tamara akasema kwa upole. Upole wenyewe ndio ulionichoma.

"Nimeona kochi bovu."

"Una miaka sabini na moja."

"Najua, nilikuwepo yote."

"Basi tulimalize leo. Hili ndilo gari bora lililopo, na limekushinda. Mlima umekwisha, Mama."

Buti sikuvua. Nikatoka nazo nikipiga kishindo kwenye lami ya Garth, nikajipakia garini mwa Tamara, nikafunga mlango kwa nguvu. Nilikuwa na hasira ya kuweza kulia, na kulia sikutaka.

Tulikuwa tunapita mbele ya kituo cha zimamoto nilipoliona nje, limeoshwa, na kibao cha kuuzwa kiooni. Ambulensi. Nililijua mara moja.

"Simamisha," nikasema.

"Kuna ni..." Akaliona. "Hapana. Mama, hapana."

"Simamisha, la sivyo nashuka hivi hivi."

Akasimamisha. Wendell Ogloff, mkuu wa zimamoto, alikuwa akikausha vioo. Yeye ndiye aliyenibeba humo siku niliyovunjika.

"Lusha! Umekuja kudai suruali yako?"

"Suruali ilikuwa mpya, jambazi wee, ukaipiga mkasi. Gari linauzwa?"

"Letu jipya limeshafika. Taa nyekundu na maandishi lazima tuyatoe, ndiyo sheria. Lakini hita inawaka hata injini ikiwa imezimwa."

Nikazunguka nyuma. Kila upande wa mlango kuna chuma cha kushika. Ngazi ni pana, ya matundu, theluji inapita chini. Nikapanda na buti zangu bila msaada wa mtu. Ndani nikasimama wima. Ubavuni kuna benchi refu, gumu, kimo cha kiti cha mezani, na darini bomba la kushikilia linapita kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikakaa, nikavua buti, nikazivaa upya, nikakanyaga sakafu kisigino kikaingia. Nikalishika bomba, nikainuka. Nikakaa tena, nikainuka kwa mkono mmoja, wa pili nikampungia Wendell. Hapo nilikuwa naringa, sikatai.

Tamara hakusogea. Alinitazama kutoka kando ya gari lake, kisha akatugeuzia mgongo. Ikabidi nishuke nimfuate.

"Umeniona?"

"Nimekuona. Tafuta lingine kama hilo. Hilo silikubali."

"Nipe sababu."

Akageuka, akainyooshea kidole milango ya nyuma ya ambulensi. "Siku ile nilikuwa nyuma yenu. Njia nzima natazama ile milango miwili. Kila waliposhika breki, nilijua umekufa."

Hilo hakuwa amewahi kuniambia. Nikamhurumia, mwanangu, nikamhurumia sana. Hasira nayo ikabaki pale pale.

"Unajua ndani kulikuwa na nini? Kulikuwa na mimi, namtukana Wendell."

"Kwa Kirusi na kwa Kiingereza!" Wendell akadakia. "Mpaka bibi yangu alitukanwa."

"Njoo uone," nikamwambia Tamara.

"Sitaki."

"Wewe mtoto, umeniweka chini ya nyumba kwa ajili ya milango miwili ambayo hujawahi kuifungua. Aliyelala humo ni mimi, na mimi siliogopi. Ahadi nimeitunza. Baridi nzima nimetazama magurudumu bila kulalamika..."

"Umelalamika kila siku!"

"Nimelalamika, ila sikutoroka. Sasa na wewe timiza yako. Ingia, likague, na ukilikataa, ulikatae ukiwa ndani."

Akaingia. Alilishika bomba kwa mikono miwili, akaning'inia, akalitikisa kwa nguvu zake zote, nadhani alitaka lingoke. Halikungoka. Akakaa kwenye benchi, akaitazama ile milango kutoka upande wa pili, machozi yakimtoka. Tulimwacha. Baadaye akapangusa pua kwa mkono wa sweta.

"Rangi utabadilisha."

"Sibadilishi kitu."

"Na safari ya kwanza nitakuwa nyuma yako."

"Njoo. Barabara ni ya serikali."

Desemba nikapanda mlima. Njia nzima nilimwona Tamara kwenye kioo, ameng'ang'ania usukani, anatazama milango ile ile. Nilikuwa naendesha polepole kuliko kawaida yangu, na ningembishia yeyote ambaye angeniambia hivyo. Wendell alikuwa ameyakwangua maandishi, lakini alama zake zilisomeka bado. Tulipofika maegesho ya juu, wenzangu wa zamani wakatoka kwenye magari yao na vikombe vya kahawa mkononi.

"Lusha! Mgonjwa yuko wapi?" mmoja akapaza sauti.

Kabla sijafungua mdomo, Tamara akajibu kutoka nyuma. "Mgonjwa ndiye dereva! Hebu pisheni!"

Alikuwa na buti zake begani. Hakuwa amezigusa tangu nilipovunjika. Akapanda, akakaa kwenye benchi.

"Sogea, Mama. Umejaza benchi lote."

Nikasogea. Tukavaa bega kwa bega, kila mtu akizilaani buti zake. Mimi nikamaliza kwanza. Nikalishika bomba, nikainuka, nikaifungua ile milango miwili kwa ndani. Ngazini kulikuwa na barafu, kama siku ile. Nikakamata chuma, nikaikanyaga barafu kwa kisigino mpaka ikapasuka.