Mshororo wa Mizani Kumi na Saba

Yule fundi wa antena, wenzake kazini walimwita Malenga, na si kwa kumheshimu. Kila mfanyakazi aliyeagwa pale kituoni alisomewa shairi la Malenga, na kila shairi lilikwenda vizuri mpaka mshororo wa mwisho, ambapo lilijikwaa. Badala ya mizani kumi na sita, pale zilikuwa kumi na saba. Mkewe, mshonaji aliyezoea kupima, alihesabu kwa vidole akamwambia, "Baba watoto, hapa imezidi." Malenga alimjibu kwamba hayo ndiyo mahadhi yake, na kwamba wenye wivu hawakosekani hata chumbani.

Kituo kilijengwa kusikiliza kama kuna viumbe huko kwenye nyota. Kanuni ilitaka mtambo wa kurushia mawimbi ujaribiwe kila Jumatatu kwa dakika kumi, ila haikusema urushe nini. Wenzake walirusha mluzi. Malenga, ambaye kila gazeti lenye ukurasa wa mashairi lilishamkataa, akarusha tungo zake: za majini wanaopanda roketi, za roboti anayeuposa mwezi, za sayari zinazogombania jua kama wake wenza. Alizielekeza kwenye nyota jirani, safari ya miaka minne kwenda na minne kurudi. Alifanya hivyo miaka tisa kimyakimya, maana huko angalau hakuna mhariri.

Sasa ikaja barua kutoka wizarani: kituo kifungwe Ijumaa. Miaka kumi na mbili hakijasikia hata kikohozi. Mkuu wa kituo, mama wa makamo aliyeumalizia ujana wake kwenye visikilizio vile, aliisoma barua mbele ya wafanyakazi kumi na mmoja, akaikunja. "Basi, jamani, tuna siku nne. Tegeni masikio." Malenga alimhurumia kwa dhati, na akajihurumia mwenyewe pia.

Jumatano, saa nne asubuhi, kompyuta ikapiga kengele. Mawimbi yalitoka nyota jirani, yamepangwa kwa herufi zilezile alizokuwa akirusha. Malenga alikuwa peke yake kwenye zamu. Akasoma:

Salamu zimetufika, kutoka kwenu mbalini,
Tungo zako twazishika, twazisoma kwa makini,
Mizani inateguka, mshororo wa mwishoni,
Rekebisha ukitaka, tujibizane angani.

Swali la binadamu kama yuko peke yake lilijibiwa pale, mbele ya kiti chenye mguu uliofungwa waya. Na Malenga, badala ya kukimbia kumwita mkuu, alihisi uso unamwaka. Yaani watu wamevuka anga zima kuja kumwambia alichokwisha kuambiwa na mkewe. Dunia nzima ingeusoma ubeti ule. Watoto wangeukariri shuleni, na walimu wangewauliza ni nani huyo ambaye mizani zake zimeteguka.

Akajiambia kwamba marekebisho madogo hayamdhuru mtu. Akaifuta mishororo miwili ya mwisho, akaandika yake, akaihifadhi juu ya rekodi ya asili ili isibaki alama yoyote. Hapo ndipo alipotoka mbio.

Mkuu alikuja akijishikilia ukutani. Alisoma mshororo wa kwanza mkono ukiwa kifuani. Kwenye wa pili machozi yalimlengalenga. Kisha akafika mwisho:

Malenga umesifika, kote huku sayarini,
Endelea kuandika, sisi sote twakuthamini.

Vidole vyake vikaanza kugonga meza, kimoja kimoja. Akarudia.

"Kumi na saba," alisema.

"Mama, wale si watu wa huku, huenda kwao..."

"Nimewaaga watu sita kwa mashairi yako, mwanangu. Hakuna kiumbe mwingine, chini wala juu, anayezidisha palepale." Akafuta macho kwa kiganja. "Siku nyingine yoyote ningecheka. Leo umenionea."

Malenga aliapa, akakiri kila kitu, mpaka kufuta kwenyewe. Mkuu alimsikiliza hadi mwisho, kwa upole uliomuuma kuliko matusi.

"Haya, nioneshe huo ubeti wa asili."

Haukuwepo. Alijua kufuta, hilo halikuwa na ubishi.

Katika ulimwengu mzima, mtu pekee aliyemwamini alikuwa mkewe, tena alimwamini mara moja, kwa kuwa wale viumbe walikuwa wamekubaliana naye. Siku mbili Malenga hakula vizuri. Alikuwa anakata na kuandika, anakata na kuandika. Ijumaa jioni akamsogezea mkewe daftari. Mkewe aliweka kando mkasi, akahesabu, akahesabu tena.

"Kumi na sita. Imekaa," alisema, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakuwa anatania. "Basi watumie, wasije wakadhani umenuna."

Malenga akalifunga daftari. Tangu mchana dishi la kituo lilikuwa limelala vipande vipande juu ya lori.