Aya ya Kiongozi Katika Pigo Moja

Mwaka elfu mbili Bukavu ilikuwa mikononi mwa wakombozi wa pili. Wale wa kwanza, inaonekana, hawakutukomboa vizuri, ikabidi kazi irudiwe. Rosalie, mwalimu wa solfeji, yaani usomaji wa noti, na kiongozi wa kwaya ya parokia yetu kule Kadutu, alikuwa amekombolewa hata waimbaji wake wa tenori, sauti ya juu ya wanaume. Mmoja alikimbilia Bunyakiri, mwingine alipakiwa kwenye lori la askari akitoka sokoni, na waliobaki walijificha kila waliposikia mngurumo wa gari kubwa. Kwaya ikabaki na wamama, pamoja na besi ya muzee Pascal, mtu mwenye bahati ya kuwa na goti bovu.

Ndipo Rosalie alipoikumbuka ordinateri, yaani kompyuta. Camille, Mbelgiji aliyefanya kazi na Benoît, mume wa Rosalie, katika shirika la misaada, aliiacha nyumbani kwa wawili hao siku wazungu walipogundua ghafla kwamba wana hamu ya kwao. Ndani yake mlikuwa na programu ya kutungia muziki. Huandiki maneno, unachora visanduku kwenye ekra, kioo cha mashine, unaviunganisha kwa nyuzi, halafu unasikiliza. Rosalie alitaka jambo moja tu: mashine iimbe tenori mpaka wenyewe warudi.

Ilimtesa. Wimbo ulikuwa sanduku kubwa. Ndani yake mlikuwa na aya, ndani ya aya sauti, ndani ya sauti mapigo, na pigo lenyewe lingeweza kufunguliwa likatiwa noti nyingine. Mara ya kwanza alivipasua visanduku vyote kwa pamoja, noti zikamwagika katika mstari mmoja, soprano juu ya besi, kama watu wanaokimbia risasi. Polepole akajifunza kushuka ngazi moja moja na kutogusa kisichomhusu. Akajifunza na sheria kuu: kitu chochote ukikitia ndani ya kisanduku, kitabanwa kienee katika muda wa kisanduku hicho, kiwe noti mbili au misa nzima.

Kwaya ilipata tenori. Habari zikamfikia Papa Ezéchiel, mkuu wa utamaduni wa Chama cha wakombozi hao, aliyeuza vipodozi Kamanyola kabla ya kuingiwa na wito wa kututawala. Sikukuu ya Chama ilikuwa karibu, na mjumbe angetoka Goma. Akaagiza wimbo, na aya moja ya kumsifu Kiongozi, aliyoitunga mwenyewe, ndefu kama safari ya Shabunda kwa miguu.

Rosalie hakukataa. Nani angekataa? Aliitia aya ile baada ya zile nyingine, mahali pake. Ezéchiel akaja kukagua, mikono mgongoni.

“Maman Rosalie, aya ya Kiongozi njo gani?”

“Njo ile, papa. Ile ya pembeni.”

“Pembeni?” Sauti ilipanda. “Hivi visanduku vyote viko katikati, na Kiongozi iko inje, peke yake? Kama mulinzi?”

“Papa, haiko inje. Iko sambamba na zingine.”

“Sambamba! Kiongozi iko sambamba na nani?” Akagusa ekra kwa kidole, akaacha alama ya mafuta. “Utie hapa. Ndani kabisa.”

Alikuwa ameonyesha pigo moja la tenori. Rosalie alimweleza kwa upole kwamba aya yote itabanwa katika pigo lile, itapita kabla mtu hajameza mate.

“Maman, wewe uko wa muziki. Mimi niko wa siasa. Tia.”

Akatia. Ezéchiel akaitazama aya yake, imezungukwa na visanduku pande zote kama mtu mwenye walinzi wa kutosha, akaridhika. Kusikiliza hakuona haja.

Siku ya sikukuu, uwanja wa mpira wa Kadutu ulijaa watu waliokuja kwa hiari yao, wakisukumwa kidogo. Wamama waliimba vizuri, tenori ya ordinateri ikitoka kwenye spika. Ezéchiel akasimama, akapaza sauti: “Na sasa, Kiongozi wetu!”

Spika zikasema: *kwik*.

Kama panya aliyekanyagwa. Kisha tenori ikaendelea kwa utulivu. Mjumbe wa Goma akageuka taratibu. “Ilikuwa nini?” Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha kumi, kisha uwanja mzima. Rosalie hakucheka.

Asubuhi iliyofuata askari walimchukua pamoja na ordinateri. Kosa lake: kumfupisha Kiongozi. Ezéchiel alimketisha ofisini akamtaka ataje waliomtuma.

“Ni wewe, papa,” alisema Rosalie. “Ulisema nitie ndani.”

Jibu hilo halikusaidia.

Benoît alizunguka kwa wakubwa wote aliowajua. Kila mmoja alikuwa kwenye mkutano. Maman Jeanine, wa sauti ya alto, hakumjua mkubwa yeyote. Alikusanya wamama wa kwaya, wakaenda kukaa kwenye ngazi za ofisi, wakaanza kuimba aya ya Kiongozi. Yote. Polepole, kila neno na heshima yake.

Walinzi walitazamana, wakasimama wima. Wangefanya nini? Aya ikaisha, ikaanza upya. Ezéchiel, aliyekuwa na mgeni, alilazimika kusimama naye, mkono kifuani. Wakakaa. Ikaanza upya. Wakasimama.

Akafungua dirisha. “Nani amewatuma?”

“Hakuna, papa,” Jeanine alijibu. “Jana ilikuwa fupi. Tunarekebisha.”

“Basi inatosha!”

“Kumusifu Kiongozi inatosha, papa? Tuambie watu umesema vile?”

Dirisha likafungwa. Mchana, wakiwa bado wanarekebisha, Rosalie alisukumwa nje bila hata kuulizwa swali la mwisho. Ordinateri ilibaki ndani. Baadaye tulisikia wanachezea karata.

Aliketi kwenye ngazi katikati ya wenzake, akalia mpaka kitambaa cha Jeanine kikalowa. Jeanine akamuuliza kama waende nyumbani sasa.

Rosalie akapangusa pua, akatazama dirisha lililofungwa.

“Tuko katikati ya aya,” alisema. “Tuimalize kwanza.”