Msumeno wa Kukatia Kisiki cha Sebuleni

Mkandarasi alifika dukani asubuhi, akasubiri zamu yake nyuma ya mwanamke aliyekuwa akichagua mpira wa kumwagilia bustani, kisha akaomba msumeno wa mnyororo wenye nguvu, wa kukatia kisiki kilichoko sebuleni kwake.

"Kipana kiasi gani?" akauliza dada mnoaji wa misumeno bila kuinua macho. Alikuwa ameubana mnyororo kwenye jiriwa, na tupa yake ya duara ilikuwa katikati ya jino.

Mkandarasi akatanua mikono, akaona haitoshi, akasema ni kama meza ya chakula. Mti ni mgumu. Haujakauka. Unatoa maji kana kwamba umekatwa jana.

Mnoaji alikifahamu kisiki hicho. Kaka yake ndiye aliyeanza kukikata, na alikufa kabla hajafika katikati. Wakati huo kisiki kilikuwa bado mahali pake, kwenye kiwanja ambacho mkandarasi alipewa kazi ya kukisafisha. Kaka alikuwa amepiga magoti, anakata karibu na udongo, ncha ya upanga wa msumeno ikagusa mzizi, msumeno ukaruka ukamrudia. Msumeno wowote unaweza kuruka. Ndiyo maana mbele ya mpini huwekwa kikingio cha plastiki ambacho msumeno ukiruka, mkono hukisukuma wenyewe, na mnyororo husimama papo hapo kabla haujafika shingoni. Hiyo ndiyo breki. Msumeno wa kaka haukuwa nayo. Mkandarasi alikuwa ameagiza breki zing'olewe kwenye misumeno yote, kwa sababu vijana walikuwa wakizigusa bila kujua, kazi inasimama, na katikati ya mizizi zilikuwa zinakwama.

Siku ya mazishi mkandarasi alivua kofia, akasema marehemu alikuwa mtu mwema, mchapakazi, ila mzembe kidogo. Watu wakaitikia kwa vichwa. Neno hilo lilibaki mtaani. Watoto wa marehemu walirudi nalo kutoka shule. Mwajiri mwingine alilitumia kumkatalia kazi mdogo wa marehemu, akisema uzembe ni wa ukoo.

Tangu siku hiyo mnoaji alitaka kitu kimoja tu: mkandarasi alirudishe neno lile kwa kinywa chake mwenyewe, mbele za watu. Baada ya hapo, mabaya yote yampate, na yeye mnoaji awe karibu aone.

Kisiki kiliondoka kiwanjani baada ya mvua. Wakata miti wana utaratibu wao: mkato ulioanzwa na mtu humalizwa na mtu huyo, au na yule aliyekabidhiwa msumeno ungali unanguruma. Kaka hakuwa amemkabidhi mtu. Mkandarasi aliagiza kisiki kifukiwe, kikafukiwa, na asubuhi moja mke wake alikikuta sebuleni, kati ya sofa na televisheni, mkato wake wa nusu ukiwa umeelekea mlangoni. Kilikuwa kimeacha udongo kwenye vigae. Mke wa mkandarasi akapiga deki, akaisogeza sofa, akakitandikia kitambaa, kisha akakiondoa kitambaa kwa sababu kililowa.

Jioni kisiki kikapiga mluzi.

Ulikuwa mluzi wa kaka, ule aliokuwa akiupiga kila alipozima injini ili ajaze mafuta: mrefu, ukishuka mwishoni kama mtu anayetua mzigo. Mke wa mkandarasi hakumfahamu vizuri marehemu, lakini aliuliza, akaelekezwa, akaenda hadi kwa mjane wake. Akamwambia kwamba mumewe yuko kwake sebuleni, na kama atapenda kuja kumsikiliza, jioni ndio wakati mzuri. Mjane akatoa nguo zilizokuwa kwenye kamba, akaziweka kwenye beseni, akaenda. Tangu hapo alikwenda kila jioni na nguo zake, akazikunja pale huku akikieleza kisiki habari za watoto. Hakumwambia habari za lile neno. Mke wa mkandarasi alimtengea kiti.

Mnoaji alizipata habari hizi kwa wifi yake huyo, kwa hiyo hakuhitaji kuuliza mengi. Alishusha misumeno kutoka rafuni. Mdogo, akasema ni wa kupogolea matawi, huo hautafika mbali. Wa kati ni wa kuni. Kisha akaweka mezani ule mkubwa, upanga wake mrefu kama mguu wa mtu mzima, injini yake nzito kiasi kwamba meza ililalamika. Akaeleza kuwa kwa kisiki kinene nguvu ya injini ndiyo ya kutazama kwanza, kisha urefu wa upanga, kisha oili, maana mnyororo mkavu hupata moto na kukatika. Mkandarasi alisikiliza kama mwanafunzi.

"Na breki," akauliza mnoaji, "au tuing'oe, kama ya vijana wako?"

Mwanamke wa mpira wa kumwagilia alikuwa bado anahesabu vipimo vya bustani yake kwa vidole. Hakugeuka.

"Na breki," akasema mkandarasi. "Huu nitautumia mwenyewe."

Boksi lilibebwa na Mrefu, mmoja wa vijana wake, ambaye alipoinama mlangoni alipiga chafya. Mrefu alikuwa mtu wa chafya. Unga wa mbao ulimwingia puani kila siku ya kazi, na wenzake walisema ukipotezana naye msituni, subiri tu, ataita mwenyewe. Msumeno wake ulikuwa nyuma ya gari, mbele ya mpini pako wazi. Mnoaji akamuuliza breki yake iko wapi.

"Iko kwa bosi, dada, inapumzika," akasema Mrefu. "Sisi ndio hatupumziki."

Akacheka, akapiga chafya nyingine, akapanda garini.

Baada ya wiki mkandarasi alirudi na msumeno. Alikuwa na unga wa mbao kwenye nyusi. Akasema mashine haina kasoro, inanguruma vizuri, inakula mti kama mkate, lakini ikifika pale alipoishia yule bwana, breki inajipiga yenyewe na mnyororo unasimama. Anaiachia, anaanza tena, inajipiga tena. Amejaribu upande wa pili, hivyo hivyo. Na vipande anavyofanikiwa kukata pembeni, asubuhi vimerudi mahali pake. Hilo la kurudi halimsumbui sana. Linalomsumbua ni mluzi. Unaanza akiwa anakula, na mke wake amekataa kuwasha redio kwa sababu mgeni anasikiliza.

Dukani siku hiyo kulikuwa na watu. Palikuwa na fundi bomba, mwalimu mstaafu aliyekuja kunoa mkasi wa bustani, na watu wengine wawili watatu waliokuwa wakisubiri wakilalamikia joto.

Mnoaji akaufungua msumeno, akaupuliza, akaufunga. Akasema mashine ni nzima. Kisha akainama chini ya meza, akatoa msumeno mwingine uliofunikwa kwa khanga, akaufunua taratibu.

Ulikuwa wa kaka yake. Polisi waliurudisha kwa familia, na wifi hakutaka ukae nyumbani, kwa hiyo ulihamia dukani. Mnoaji alikuwa akiunoa kila Jumamosi tangu mazishi. Hakuna aliyekuwa akiutumia, lakini aliunoa, jino kwa jino, hadi ukaweza kunyoa vinyweleo vya mkono. Alipokuwa akiunoa alizungumza nao kwa sauti ya chini. Aliuelekeza nyumba ya mkandarasi ilipo, akautajia geti la kijani, akauambia mwenye nyumba alivyo mfupi wa shingo.

Sasa aliuweka mezani, upanga ukiwa umeelekea upande wa mteja.

"Kinachokukamata ni breki, bosi," akasema. "Huu hauna. Utakimaliza leo leo kabla ya chakula."

Mkandarasi akautazama. Akarudisha mikono yake nyuma ya mgongo, mmoja ukiushika mwingine.

"Si huu huu uliokuwa ukiwapa vijana?" akauliza mnoaji. "Ulisema kazi inakwenda haraka. Ulisema ni salama, mtu asipokuwa mzembe. Na wewe si mzembe."

Fundi bomba akaacha kujipepea.

"Huo siutaki," akasema mkandarasi. "Huo unaua."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekataa viatu vilivyo vidogo. Watu wote walisikia. Mnoaji alikuwa amelingoja neno hili muda mrefu, na mara nyingi, tupa ikiwa mkononi, alikuwa amewaza litakavyokuwa: watu watasimama, mmoja atatoka mbio kuwaita wengine, kesho watoto wa kaka wataingia darasani vichwa juu. Kwa hiyo akatulia, akangoja.

Mwalimu mstaafu akauliza kama mkasi wake uko tayari.

Fundi bomba akasema kwamba kweli, mashine zisizo na breki ni hatari, hata shemeji yake alikatwa kidole na mashine ya nyasi. Mtu mwingine akasema vidole si vya kuchezea. Wakaendelea na vidole kwa muda, halafu wakarudi kwenye joto.

Mnoaji akampa mwalimu mkasi wake. Akaufunika msumeno wa kaka kwa khanga. Ingekuwa rahisi kumsihi mkandarasi, kumpunguzia, kumwambia auchukue bure ajaribu tu mara moja. Aliona hata namna utakavyoruka na kumrudia. Lakini akakumbuka kisiki. Mkandarasi akifa, mluzi utamwimbia nani? Nyumba itauzwa, wifi atafungiwa geti, na aliyesema neno lile atalala kimya mahali pasipofika sauti. Kifo kingekuwa msamaha, na yeye hakuwa na msamaha dukani.

Akauchukua msumeno mkubwa wa mkandarasi, akakaza kila skrubu, akaijaribu breki mara kadhaa mpaka akaridhika nayo. Akamwongezea glavu nene, kofia ngumu yenye wavu wa uso, na suruali ya wakata miti ambayo mnyororo hauwezi kuipenya. Vyote vilikuwa vya ubora wa juu kabisa.

"Nakutakia maisha marefu, bosi," akasema, na alikuwa akimaanisha. "Marefu sana."

Mkandarasi akamshukuru. Alipotoka, fundi bomba alisema si kila mtu anaweza kusamehe namna ile, na kwamba dada ana moyo. Habari ya moyo wa mnoaji ilienea mtaani kuliko ile nyingine.

Mrefu alikufa msimu uliofuata, kwenye kazi ya kung'oa visiki kando ya barabara. Alipiga chafya, msumeno ukaruka. Mkandarasi alivua kofia akasema marehemu alikuwa kijana mcheshi, ila mzembe kidogo, na watu wakaitikia kwa vichwa.

Kisiki cha pili kilifika sebuleni kabla ya arobaini. Hakikuwa kikubwa kama cha kwanza, ila kilikuwa na mizizi mingi, na walilazimika kulihamishia kabati la vyombo koridoni. Hiki hakipigi mluzi. Kinapiga chafya, na kila kikipiga, mjane na mke wa mkandarasi hukiambia afya. Mama yake Mrefu huja jioni pamoja na wifi. Siku moja alitazama vile visiki viwili akasema sebule inavutia kweli, ikiongezwa benchi watatosha wote. Mke wa mkandarasi akanunua benchi. Mkandarasi mwenyewe sasa hula chakula chake juu ya kisiki cha kwanza, kwa sababu meza haina tena pa kukaa, na husema mtu huzoea.

Alirudi dukani kutafuta msumeno wa pili, ili mmoja upoe wakati mwingine unafanya kazi. Alikuwa amenenepa kidogo. Wale wale wa siku zote walikuwepo.

"Na breki?" akauliza mnoaji.

"Na breki," wakajibu wateja pamoja naye, maana walishamzoea, na wote wakacheka, mkandarasi pia.

Mnoaji hakucheka. Alikuwa anafunga boksi, na alikuwa anafikiri juu ya maisha marefu aliyomtakia mtu huyu, na juu ya Mrefu, ambaye alikuwa ameishi ndani ya maisha hayo marefu kwa msimu mmoja tu. Aliinuka. Kutoka droo ya chini alichukua breki alizokuwa amekusanya kutoka mashine mbovu, akatoka nazo hadi kwenye gari, ambako vijana walikuwa wameketi nyuma, kila mmoja na msumeno magotini. Akawaambia atawafungia bure, sasa hivi, hapa hapa.

Wakatazamana. Yule mkubwa wao akasema, "Asante, dada, lakini bosi huzitoa jioni hiyo hiyo. Tutakuchosha bure."

Mnoaji alisimama pale, mikono imejaa plastiki nyeusi. Mlangoni mkandarasi alikuwa bado anachekeshana na fundi bomba.

"Basi niambieni," akasema, "kila mmoja wenu ana sauti gani."

Hawakuelewa, akafafanua: sauti ambayo mtu akiwa peke yake humtoka, bila kuipanga. Vijana walilichukulia kama mchezo. Mmoja alisema yeye huimba wimbo wa shule alioufunzwa na bibi yake, akauimba kidogo, mnoaji akamwomba arudie. Mwingine huguna kama mbuzi anapoinua kitu kizito, wenzake walithibitisha. Wa tatu alipiga kwa ulimi, taa, taa, taa. Wa mwisho alikuwa mgeni kazini, suruali yake bado ina mikunjo ya dukani. Akauliza dada anataka kujua ya nini.

"Nisije nikawachanganya," akasema mnoaji.

Mgeni akafikiri, kisha akasema yeye hucheka tu, akacheka ili dada asikie. Kilikuwa kicheko kizuri, cha kujificha mwanzoni na kufunguka baadaye. Mnoaji alikisikiliza hadi kikaisha.

Gari lilipoondoka alirudi ndani, akaufunua msumeno wa kaka yake, akaubana kwenye jiriwa, akaanza jino la kwanza.