Tawi la Isale na Kalamu Nyekundu

Mke wangu Mektrida anafundisha Kiingereza sekondari ya huku kwetu Old Moshi, na kwa miaka mingi Jumamosi zetu zilikuwa za kicheko. Mimi nachambua kahawa barazani, yeye anasahihisha insha kwa kalamu nyekundu, na kila akikutana na Kiingereza kilichoteguka mguu ananitafsiria. Tulicheka mpaka jirani akadhani tumeficha pombe ya mbege.

Ikaja hii akili mnemba, ya kumwandikia mtu insha kwenye simu. Insha zikaanza kuja zimenyooka, hazina kosa hata moja, na mke wangu akanyamaza. Hellen, binti wa huyo jirani, aliandika kwamba bibi yake huoka mikate ya tufaha huku theluji ikianguka dirishani. Bibi yake Hellen namjua. Hajawahi kuoka hata kiazi. Anapika mbege, na theluji anaiona kule kileleni Kilimanjaro kama sisi sote. Siku hiyo nilicheka peke yangu. Mektrida alinipa kalamu yake niandikie magunia ya kahawa, akasema Jumatatu atamwomba mkuu wa shule amtoe kwenye insha.

"Baba Fabian, ninasahihisha mashine," alisema. "Hawa watoto hawanihitaji tena."

Iliniuma. Nilimkosa mke wangu naye yumo ndani. Na kwa kuwa mdomo wangu haujui kufungwa, nilikwenda nikamweleza Hellen yote.

Jumamosi akaja na Lucky, kiranja wa darasa lao. Wakatuamkia, na Lucky alikuwa ameshika tawi la isale kwa mikono miwili. Sisi Wachagga, mtu akikujia na isale anaomba msamaha, na hata kama amekuulia ng'ombe humkatalii. Nilikuwa naanza kulainika, ndipo nikaona pengo kwenye mpaka wa kihamba changu, shamba letu la migomba na kahawa. Mpaka wenyewe ni safu ya hiyo mimea ya masale. Walikuwa wameuvunja mpaka wangu ili wamwombe radhi mke wangu! Nikafoka. Lucky akajitetea kwamba waliikumbuka isale wakiwa wameshafika.

Mektrida alilipokea tawi. "Nimewasamehe," akasema. "Sasa simu mezani, mnieleze kosa lenu kwa Kiingereza."

Lucky akaweka simu mezani. Kiingereza kikamtoka kikichechemea: kwamba simu ilikuwa inafikiri, na vichwa vyao vimelala mgombani kama walevi wa Krismasi, kwamba mwalimu asipowacheka, hawajui kama wameandika kitu. Mke wangu akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Nikadhani analia.

"Rudia hapo kwenye walevi," akasema, akifuta machozi ya kicheko. "Baba Fabian, kalamu yangu iko wapi?"

Niliikuta chini ya magunia, wino umebaki kidogo. Lile tawi nikalichomeka kwenye pengo, nalo limeshika. Jumatatu alikwenda shule, na kwa mkuu hakupita.

Leo amenisomea insha mpya ya Hellen. Bibi yake amemwagia padri mbege kwenye kanzu, na Kiingereza chenyewe kimevunjika kila kiungo. Nimecheka mpaka nimemwaga kahawa yote niliyochambua. Jirani amechungulia pale kwenye pengo, akauliza kama mbege yetu imeshaiva.