Kidole Changu Kilimeza Dawa

Mchana wa jana, maharage yakiwa jikoni nami nimejinyoosha kwenye mkeka, niliota simu yangu inapimwa presha.

Kwanza niseme mambo yalivyo, maana ndoto haikujitungia kila kitu. Mwenye presha ni mume wangu, Mzee Shekiondo, aliyepima marobota ya mkonge kiwandani kwa miaka thelathini na moja. Kliniki yetu imeingizwa kwenye utafiti wa kuangalia wagonjwa wa presha wanavyoitumia simu kujitunza. Kila asubuhi unaingia ujumbe: mgonjwa amemeza dawa? Moja ni ndiyo, mbili ni hapana. Mzee hana simu na hataki kuwa nayo, kwa hiyo ikaandikishwa namba yangu. Basi kila asubuhi, chai haijachemka, mimi nabonyeza moja. Sijakosa hata siku moja. Mwezi uliopita tulitangazwa wa kwanza kwa kujibu, tukapewa ndoo, nami nikaibeba kutoka stendi ya Korogwe hadi nyumbani, polepole, ili watu waione.

Kama dawa yenyewe inamezwa, hilo sikuuliza. Ukimuuliza Mzee anakujibu kwamba yeye haumwi popote, kisha mnanuniana mpaka jioni.

Katika ndoto tuko kliniki, kwenye benchi. Simu yangu imekaa mbele ya foleni, imejitanda kanga yangu. Sista Nangasu, muuguzi wetu, anaifunga ule mkanda wa kupimia, anapampu, anasoma.

"Mia na ishirini kwa themanini," anasema. "Hongera, mama. Mgonjwa wako anaendelea vizuri sana."

"Mgonjwa ni huyu hapa," nasema, nikimwonyesha Mzee. Amekaa mwisho wa benchi, koti lake la kiwandani mapajani, mkono wa kushoto wa shati ameukunja tayari.

Sista anamtazama, kisha anatazama daftari. "Huyu hatuna. Tulichonacho ni kidole gumba cha kulia, miaka hamsini na nane, kinajibu kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi."

Kidole changu kikainama kidogo, kwa adabu.

Hapo benchi likawa liko kiwandani, katikati ya marobota ya mkonge, na hakuna aliyeshangaa. Sista akasema sasa wanapima ushiriki. Kidole changu kikawekwa kwenye ile mizani kubwa. Kilo tisini na nane. Akapanda Mzee. Mshale haukutikisika.

Mzee akainama, akautazama kwa jicho moja kama alivyoutazama miaka yote ile. "Mizani ni nzima," akasema. "Mimi ndiye sipo."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Mimi niliogopa.

Juu ya robota lilikuwa limekaa dodoso, kurasa mbili, limebanwa pini sikioni. Likakohoa. "Swali la kwanza. Kwa siku thelathini zilizopita, mgonjwa ameshiriki kwa kiasi gani katika matibabu yake? Sana, kiasi, kidogo, au hakushiriki?"

"Sana," nikasema. Nimezoea.

Nyuma yangu kitu kikavuta pumzi. Ule mkanda ulikuwa umeiacha simu, umemfunga Mzee mkono wa kushoto, na sasa unajipampu wenyewe. Fss. Fss.

"Swali la pili. Ujumbe wetu humsaidia mgonjwa kukumbuka dawa?"

"Sana."

Fss, fss, fss. Vidole vya Mzee vinakuwa vyeusi. Midomo nayo inafuata.

"Mzee, unaumia?"

"Sisikii kitu, Mama Tunu. Maharage umeshayaunga?" Sauti yake imekuwa nyembamba, inatoka mbali, na bado anasubiri jibu la maharage.

Kisha kwenye mfuko wa koti lake watu wengi wadogo wakasema kwa pamoja, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyie nani?"

"Dawa. Tuko ishirini na sita. Tunasubiri humu tangu mlipopewa ndoo."

Sikuweza kujifanya nimeshtuka. Nilikuwa najua. Nilijua kila asubuhi, na kila asubuhi nilibonyeza.

"Swali la mwisho," likasema dodoso. "Mgonjwa amemeza dawa leo? Moja au mbili."

Simu ikajisogeza mbele yangu. Mkanda ulikuwa umepanda begani kwa Mzee, unaitafuta shingo. Kidole changu kikaenda moja kwa moja kwenye moja.

"Nenda kwenye mbili," nikakiambia.

"Mbili sijawahi kufika," kikajibu. "Na ile ndoo je? Si watu wameshaiona?"

Mzee akafumba macho. Nikakikunja kidole ndani ya ngumi, nikakibana kisipumue, nikainama juu ya simu na kubonyeza mbili kwa pua.

Nikaamka. Maharage yanaungua. Simu iko mkekani, chini ya uso wangu, na kiooni kuna doa la jasho la pua, limekaa pale palipo namba mbili. Juu yake kuna ujumbe: *Asante. Jibu lako la leo limebadilishwa kuwa 2. Muuguzi atakupigia.* Saa saba na dakika ishirini.

Mzee aliingia kutoka uani, koti mwilini. Sikumuuliza. Nilitia mkono mfukoni mwake, naye hakunizuia. Dawa zilikuwa zimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Nikazihesabu mbele yake. Ishirini na sita.

"Ningekwambia," alisema.

"Na mimi ningekuuliza."

Simu ikaita. Alikuwa Sista Nangasu. Nikamnyooshea Mzee. "Ni yako."

"Nimwambie nini?"

"Kweli. Mimi ya kwangu nimeshaisema."

Akaipokea kwa mkono wa kulia. Hapo ndipo nilipoona kwamba ule wa kushoto anausugua, juu ya kiwiko, pale wanapofunga mkanda.

"Sista," akasema. "Mkono wangu huu wa kushoto umebanwa tangu saa saba na ushee. Kama kuna mtu kaufunga." Akanitazama mimi. "Unauma, sista. Unauma sana."

Nilikuwa nimeshaepua maharage na ninamtafutia viatu vya kwenda kliniki.