Mlima wa Ukumbini

Kitu cha kwanza alichokiona binti ni miguu ya kuku. Kuku wa upande wa mama walikuwa wameota manyoya mpaka kwenye kucha, kwa sababu ya baridi. Wa upande wa baba walibaki vishingo, shingo wazi bila manyoya, maana huku jua lilichoma.

Mlima ulianza kuota ukumbini wazazi walipoacha kusemezana. Mwanzo ulikuwa tuta la kujikwaa tu. Baadaye ukafika darini, ukatoboa bati, ukaendelea. Mvua yote ikawa inaishia kwa mama, jikoni; chumbani kwa baba pakakauka kau. Njia iliyobaki ilikuwa ufa kati ya vilele viwili. Binti alipenya hapo kwenda kumwona mdogo wake, aliyechukuliwa na mama. Kila akienda, mdogo mtu alikuwa ameota manyoya zaidi, na maneno yake yamezidi kuwa miluzi.

"Ufa ule unaniletea upepo," alisema baba. "Nauziba."

"Baba, sisi bado ni wamoja."

"Wamoja? Haya, kamlete jogoo wao kwa tetea wetu. Mayai yakianguliwa, naacha. Yakiwa viza, naziba."

Binti akamleta jogoo kwapani. Tetea akamdonoa, akamkimbia, mwishowe akamzoea. Akataga, akaatamia. Binti akahamishia mkeka wake kando ya kiota, na kila asubuhi alitega sikio kwenye mayai. Jirani alipokuja kuazima ungo aliuzunguka mlima, akasema, "Wenu umekua jamani! Wetu bado unatufika kiunoni."

Siku za kuatamia zikaisha. Tetea akainuka, akajikung'uta, akaenda zake. Baba akapasua yai moja, akaziba pua. Akapasua la pili. Hakuendelea, akaenda kukoroga saruji.

Binti akapanda mpaka kwenye ufa. Ng'ambo alisimama mdogo wake, manyoya hadi shingoni.

"Ni mimi, dada yako."

Mdogo mtu akainamisha kichwa upande, kama kuku anayemsikia ndege asiye wa kwao. Akapiga mluzi. Binti hakuambulia kitu.

"Sogea, mwanangu, saruji inaganda," alisema baba nyuma yake.

Binti, ambaye hata hodi aliipiga kwa kunong'ona, hakusogea.

"Mlionuniana ni wewe na mama," alisema, na vilele vikairudisha sauti yake. "Mimi na mdogo wangu hatukununiana."

Baba akapanga tofali la kwanza.

"Nipe mwiko," alisema binti.

Baba akampa.